Swali lipi la miundo ulipeleke maabara? Ulinganisho kwa anayechagua mada

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea karatasi yenye mada saba za uhandisi wa miundo, akaiweka mezani na kusema, "Mwalimu, zote nazipenda, nichagulie." Sikumchagulia. Nilichukua penseli nikaandika pembeni mwa kila mada jambo moja tu: kitu ambacho jaribio lake halikubali kukidogosha. Tulipofika chini ya karatasi, mada nne zilikuwa zimejifuta zenyewe, maana alichokuwa nacho ni jeki moja, fremu ya chuma, chumba chenye paa na miezi kumi na minne.

Penseli hiyo ndiyo nitakayoitumia hapa. Hesabu nyingi tunazozitegemea zilizaliwa kwenye majaribio ya vitu vidogo, vilivyobebeshwa mzigo kwa dakika chache, vilivyotengenezwa na fundi aliyekuwa akiangaliwa. Kisha tunazipeleka kwenye vitu vikubwa, vinavyokaa na mzigo miaka hamsini, vilivyomaliziwa jioni watu wakitaka kwenda nyumbani. Swali linalostahili kupimwa kweli limejificha kwenye mruko huo. Kwa moja mruko ni ukubwa, kwa jingine ni muda, kwa jingine ni mkono wa fundi. Ukipima kila kitu isipokuwa hicho, utapata grafu nzuri na shahada yako, na mhandisi anayechora kesho hatapata la kumsaidia.

Zege nene na bolti za gundi: wapinzani wawili wakuu

Naanza na hawa wawili kwa sababu ndio wanaovuta wanafunzi wengi, na kwa sababu wanatofautiana karibu kwa kila kitu.

Chukua boriti ya zege yenye nondo chini lakini isiyo na ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo). Iweke juu ya maegemeo mawili, iponde taratibu kwa jeki. Nyufa za kwanza hutokea chini katikati, wima, nyembamba kama unywele. Msaidizi hupita na kalamu ya wino mzito, anafuatisha kila ufa na kuandika mzigo kwenye ncha yake: 40, 60, 80. Halafu ufa mmoja upande wa egemeo unaanza kulala, unaelekea juu kwenye jeki kama mtu aliyeamua safari. Hapo mwenye uzoefu humwita msaidizi atoke. Kinachofuata hakibishi hodi: mlio mmoja, vumbi, na boriti imekatika kwa mshazari.

Huo ndio mkato, na utata wake uko kwenye kina. Kabla ya mlio ule, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kokoto: kuta mbili za ufa zimeng'ang'aniana kwa meno ya kokoto na mchanga. Boriti yenye kina cha sentimita 30 ina ufa mwembamba, na meno yanashikana. Boriti ya mita 3 ina ufa mpana zaidi katikati ya kina chake, ilhali kokoto ni zile zile, kwa hiyo meno hayafikiani. Matokeo yake, kila sentimita ya mraba ya boriti kubwa hubeba pungufu kuliko ya boriti ndogo. Timu ya Shioya huko Japani ilipima boriti zenye kina cha kuanzia sentimita 10 hadi mita 3, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba ile kubwa kabisa ilivunjika kwa mkazo wa mkato uliokuwa karibu theluthi moja ya ule wa ndogo kabisa.

Theluthi moja. Mtu aliyechora slabu nene kwa kutegemea majaribio ya boriti ndogo alidhani ana akiba ya usalama, kumbe alikwisha kuitumia kabla mzigo haujafika. Na onyo lilikuwepo zamani. Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la jeshi la anga huko Shelby, Ohio, iliporomoka ikiwa imebeba kidogo sana zaidi ya uzito wake yenyewe. Boriti zake zilikuwa na kina cha karibu sentimita 90, na pale zilipokatika hapakuwa na ringi. Kusinyaa kwa zege kulizivuta boriti hizo na kuongeza tatizo. Pamoja na hayo, kanuni ya Marekani ya majengo ya zege, ACI 318, iliendelea na fomula ya msingi isiyojali kina hadi toleo la mwaka 2019, ndipo ikaweka kipunguzo cha ukubwa kwa boriti na slabu zisizo na ringi za kutosha.

Kwa hiyo kisichopungua hapa ni kina. Chuo Kikuu cha Toronto, chini ya Michael Collins na wenzake, walilikubali hilo bila kujidanganya: walimwaga kipande cha slabu chenye kina cha mita 4 na urefu wa karibu mita 19, chembamba kama ukuta, wakakivunja. Kabla ya kukivunja waliwaalika wahandisi watabiri mzigo wa kuvunjika. Majibu yalitawanyika mno, kana kwamba kila mmoja alikuwa ameulizwa kuhusu boriti tofauti. Matokeo yalichapishwa 2015.

Wembamba ule ndio ujanja wa kuiga. Upana unakubali kupunguzwa kwa sababu slabu ni vipande vingi vilivyosimama bega kwa bega. Kina hakikubali. Kama maabara yako haina paa refu, winchi ya kuinua makumi ya tani na sakafu ya kushikia jeki kubwa, usiichukue mada hii kwa ahadi kwamba utapima boriti za sentimita 40 na kutabiri zilizobaki. Hizo zipo kwa mamia kwenye makabati.

Sasa bolti za gundi. Unatoboa tundu kwenye zege lililokwisha kukauka, unalipuliza vumbi, unalisugua kwa brashi, unalipuliza tena, unajaza gundi ya epoksi, unazamisha bolti ukiizungusha. Kesho yake unaivuta kwa jeki ndogo. Dakika tano, imekwisha: inabeba ajabu, mara nyingi linang'oka donge la zege lenyewe kabla gundi haijashindwa. Jaribio hili ni rahisi kiasi kwamba linafanyika saiti kila siku, na ndilo linalowalaghai watu.

Tarehe 10 Julai 2006, paneli za dari ya handaki la barabara huko Boston zilianguka juu ya gari na kumuua abiria. Dari ilikuwa imening'inizwa kwa bolti za gundi, na uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulibaini kwamba epoksi iliyotumika, ya aina inayokauka haraka, haikuwa na ustahimilivu wa mzigo unaokaa. Ilikuwa ikitambaa, yaani ikiachia polepole chini ya mzigo usioondoka. Bolti zilikuwa zimevutwa na kukubaliwa wakati wa ujenzi, lakini kuvutwa kwa muda mfupi na kuning'iniza zege kwa miaka ni mitihani miwili ambayo haina undugu.

Kisichopungua hapa ni muda, akifuatiwa na joto. Utaratibu uliozoeleka wa kupima unaitaka bolti ibebe mzigo tuli kwa saa 1,000, yaani siku 42 hivi, kisha mwendo wake unarefushwa kwa hesabu hadi miaka 50. Miaka 50 ni takriban saa 438,000. Ukichora kwa kipimo ambacho kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, kutoka saa 1 hadi saa 1,000 ni hatua tatu, na kutoka hapo hadi mwisho ni hatua mbili na zaidi ya nusu. Karibu nusu ya mstari ni imani. Mstari ule haupaswi kuchorwa na mtu ambaye hajawahi kuona bolti ikianza kuteleza upya baada ya wiki kadhaa za utulivu.

Uzuri ni kwamba muda ni kitu hata maabara maskini inacho. Wenzo wa chuma wenye uwiano wa moja kwa kumi unageuza uzito wa kilo 200 kuwa mvuto wa karibu kilonewton 20, na wenzo haukatiki umeme. Unahitaji geji ya mshale, kipimajoto, na mtu mwenye nidhamu ya kusoma saa ya kwanza, ya pili, ya nne, ya nane, kisha siku, kisha wiki. Nidhamu nayo si haba. Mimi mwenyewe niliwahi kuifunga geji kwenye fremu ile ile iliyoshika wenzo. Kila jua lilipopiga dirisha chuma kilirefuka, na baada ya mwezi mzima nilikuwa na grafu safi kabisa ya mchana na usiku, ya bolti nisijue lolote. Geji isimame juu ya zege, karibu na bolti. Nimeyasema nikiwa nimelipia.

Kati ya hawa wawili, mwenye jengo kubwa la maabara achukue zege nene, hasa swali la slabu zenye nyufa zilizozeeka na nondo zilizoanza kula kutu. Huko kokoto hazijulikani zinashikana kiasi gani. Mwenye chumba na subira achukue bolti. Na asirudie kupima bolti safi kwenye tundu safi, maana hilo watengenezaji wamelifanya. Apime tundu lisilosuguliwa, tundu lenye unyevu, tundu lililotobolewa kwenda juu darini ambako gundi inataka kushuka, dari iliyo chini ya bati inayopata joto mchana kutwa. Huko ndiko bolti zinakoishi.

Daraja linalolegea

Palau walikuwa na daraja la zege kati ya visiwa vya Koror na Babeldaob, lililokamilika 1977, lenye mruko mkuu, yaani umbali kati ya nguzo zake mbili, wa mita 241. Katikati yake lilizama karibu mita 1.4 ndani ya miaka kumi na minane hivi, mbali kabisa na walichotabiri wabunifu. Likakarabatiwa, na tarehe 26 Septemba 1996, miezi michache baada ya ukarabati, likaanguka na kuua watu wawili. Takwimu za uchunguzi zilifungiwa kwa makubaliano ya kisheria kwa zaidi ya mwongo mmoja, hadi wahandisi, Zdeněk Bažant akiwa mbele yao, walipodai ziachiwe. Zilipotoka mwaka 2008, na madaraja mengine yalipotafutwa, yalipatikana makumi yanayozama kupita matarajio.

Hapa muda haupungui kama kwenye bolti, na unene nao haupungui: ukuta mnene wa zege hukauka kwa miongo mingi, na ukuta mwembamba hukauka kwa miaka michache, ndiyo maana sakafu ya juu na ya chini ya daraja lile lile hulegea kwa kasi tofauti. Mtu mmoja hawezi kulipima hili kwenye maabara ndani ya shahada. Lakini vipimo tayari vipo, kwenye mafaili ya wapima ardhi waliokwenda kupima usawa wake kila miaka michache. Mada hii inamfaa mtu anayejua kuomba faili, kukaa na faili, na kukataliwa faili. Nisingempa mpenda jeki.

Chuma, moto na tetemeko

Haya matatu yana mvuto mkubwa, na kwa watu wengi nasema wayaache. Yana faida kubwa ila yanataka taasisi, sio mtu.

Tetemeko la Northridge, Januari 17, 1994, liliwafundisha wahandisi wa chuma unyenyekevu. Fremu za chuma zilizolehemewa kwenye maungio ya boriti na nguzo zilionekana kuwa ndizo salama kupita zote. Baada ya tetemeko, kwenye majengo zaidi ya mia moja, maungio yalikutwa yamepasuka papo hapo kama kioo, bila kupinda kwanza. Majengo hayo hayakuanguka, na baadhi ya nyufa hazikuonekana mpaka vifuniko vya nguzo vilipotolewa. Majaribio ya awali, ya miaka ya 1970, yalitumia boriti ndogo kuliko zilizokuja kujengwa. Maungio ya boriti kubwa yanataka welding nene, madini ya fimbo ya kulehemu yalikuwa na ukakamavu hafifu, na bapa la chuma lililowekwa nyuma ya welding liliachwa pale, likiwa kama ufa uliokwisha kuanza. Kisichopungua ni unene, pamoja na mkono wa fundi. Ukiamua kupima maungio, mlete fundi wa saiti alehemu akiwa amechuchumaa juu ya jukwaa, kwa mkao ule ule wa kazini. Kipande kilichogeuzwageuzwa mezani ili kila mshono ulale sawa ni kipande cha nchi nyingine.

Moto ni hadithi tamu zaidi, kwa sababu kwa mara moja jibu lilikuwa zuri kuliko hesabu. Mwaka 1990 jengo la ghorofa 14 lililokuwa likijengwa Broadgate, London, liliungua wakati sehemu ya chuma chake haijavishwa kinga ya moto. Halikuanguka. Watafiti wakajenga jengo zima la ghorofa 8 ndani ya banda la zamani la ndege-puto huko Cardington, Uingereza, na kati ya 1995 na 2003 wakalichoma sehemu kwa sehemu. Boriti zisizo na kinga zilifika zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi, joto ambalo hesabu ya boriti moja moja ingekuwa imeshazitangazia kifo, na sakafu ikabaki juu. Slabu iliyolegea ilikuwa imegeuka kama shuka lililoshikwa pembe nne: imebonyea lakini imebeba. Wakati wa kupoa, chuma kilichokuwa kimejikunja kikarudi kuvuta, na baadhi ya maungio yakakatika hapo. Kama unatafuta swali lililobaki, liko kwenye kupoa.

Ila angalia gharama. Kisichopungua ni jengo lenyewe: boriti moja kwenye tanuru haina majirani wa kuishika pembe. Ndivyo ilivyo hata kwa tetemeko. Meza ya kutikisa ya E-Defense iliyoko Miki, Japani, iliyofunguliwa 2005, ina mita 20 kwa 15 na inabeba jengo la tani 1,200. Mwaka 2009 ilitikisa jengo la mbao la ghorofa sita. Hizo ni foleni za miaka. Mwanafunzi anaweza kuomba takwimu zao, na nyingi hutolewa. Kujenga yake ni ndoto.

Watu juu ya daraja

Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 10, 2000, na likafungwa baada ya siku mbili kwa sababu liliyumba upande kwa upande hadi watu wakashika vyuma vya pembeni. Wahandisi walilichukua daraja lenyewe kama maabara: wakaweka watu, wakawaongeza kidogo kidogo. Kwenye kipande kimoja, watu 156 walitembea na daraja likatulia, na walipofika 166 lilianza kuyumba kwa kasi. Sababu ni ya kibinadamu mno. Sakafu ikisogea, mtu hupanua miguu kidogo ili asianguke, na hatua yake inasukuma sakafu upande ule ule inakokwenda. Wengi wakifanya hivyo, nguvu inazidi ile inayopotea. Lilifungwa vidhibiti mtikisiko na kufunguliwa tena mapema 2002.

Kinachoniudhi kwenye kisa hiki ni kwamba Yozo Fujino na wenzake walikwisha kuchapisha jambo hilo hilo mwaka 1993, baada ya kuliona kwenye daraja la Japani. Jibu lilikuwa rafuni. Halikuwa limeingia kwenye kanuni.

Kwa upande wa kuchagua, mada hii ina faida ya pekee: watu hawapungui, lakini wanapatikana. Simu ya mfukoni ina kipima mtikisiko kinachotosha kupata marudio ya daraja, yaani linayumba mara ngapi kwa sekunde. Usisahau kibali cha maadili kabla ya kuwapandisha watu kwenye kitu unachotaka kiyumbe, na anza na idadi ndogo.

Kitako cha nguzo, ambacho hakuna anayekitaka

Hii ndiyo mada niipendayo, na katika miaka yote ni wachache walioichukua. Kila fremu ya chuma ina nguzo iliyokaa juu ya bapa la chuma, bolti nne, tabaka la saruji laini, kisha zege la msingi. Kwenye kompyuta mhandisi huchagua moja kati ya mawili: nguzo inajizungusha huru chini kama bawaba, au imekazwa kabisa kama mti. Kitu halisi hakiko kwenye lolote kati ya hayo. Ukichagua bawaba, jengo linaonekana linayumba sana na unaongeza chuma kisichohitajika. Ukichagua mti, msingi unaletewa nguvu ambayo hukuuandaa kuibeba, au jengo linayumba kuliko ulivyoahidi. Makosa haya hayaui mtu mara nyingi, ndiyo maana hayafanyiwi utafiti wa kutosha, ilhali yanarudiwa kila siku kwenye kila banda la chuma duniani.

Kipimo chake hakihitaji kuvunja chochote. Vuta nguzo upande kwa mzigo mdogo unaojulikana, soma mzunguko wa bapa kwa geji mbili, moja mbele na moja nyuma. Mtego wake mmoja: ukikipima maabara juu ya sakafu ya zege yenye unene wa mita moja, umeuondoa udongo, na udongo ndiye mshiriki usiyemjua. Kwa hiyo kisichopungua hapa ni ardhi. Tafuta jengo linalosubiri kubomolewa, zungumza na mkandarasi mapema, pima kabla hajaleta mashine. Wengi hukubali wakiona hutawachelewesha.

Nimeyaweka yote pamoja kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| Swali | Kisichopungua | Linamfaa nani |
|---|---|---|
| Mkato kwenye slabu nene | kina | maabara yenye paa refu na jeki kubwa |
| Bolti za gundi chini ya mzigo wa kudumu | muda, joto | mwenye chumba na subira |
| Madaraja ya zege yanayozama | miongo, unene | mtafuta mafaili |
| Maungio ya kulehemu kwenye tetemeko | unene, mkono wa fundi | kundi, pamoja na fundi wa kweli |
| Sakafu kwenye moto | jengo zima | taasisi. Mtu mmoja atumie takwimu zilizopo |
| Mtikisiko wa waenda kwa miguu | watu | aliye karibu na daraja jepesi |
| Kitako cha nguzo | udongo | mwenye urafiki na wabomoaji |

Je, kielelezo kidogo na kompyuta havitoshi?

Huulizwa kila mara, kwa hiyo tulimalize haraka. Kielelezo kidogo si kitu cha kudharau. Robert Stephenson alipotaka kuvusha treni ndani ya mrija wa chuma juu ya mlango wa Menai, William Fairbairn na Eaton Hodgkinson walivunja mirija ya mviringo, ya umbo la yai na ya mstatili, kisha kielelezo cha moja kwa sita, wakijifunza kwamba sehemu ya juu ilikuwa tayari kukunjamana mapema kuliko walivyodhani. Daraja la Britannia lilifunguliwa 1850 na lilibeba treni zaidi ya karne. Lakini uzito wenyewe wa kitu haufuati: kielelezo cha moja kwa kumi, cha malighafi ile ile, kina mkazo wa moja ya kumi tu kutokana na uzito wake. Lazima uongeze uzito wa bandia. Na kokoto, mshono wa welding na gundi havikui wala kupungua pamoja na mchoro.

Kompyuta nayo inakujibu ulichomuuliza. Jukwaa la mafuta la Sleipner A lilizama huko Norway Agosti 23, 1991, wakati wa kuliteremsha majini, kwa sababu mgawanyo mbovu wa vipande kwenye programu ulipunguza nguvu ya mkato kwenye kuta fulani kwa asilimia 47, na nondo zikawekwa kwa kufuata jibu hilo. Baadaye, hesabu ya mkono ilionyesha ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62 cha maji. Ulishindwa kwenye mita 65. Programu nzuri ni ya kutabiri kabla ya jaribio, na utabiri huo uandikwe, uwekwe tarehe na ufungwe kwenye bahasha. Utabiri unaotolewa baada ya mlio hauna kazi.

Mwanafunzi wangu alichagua bolti. Alimwaga mabloku sita ya zege, akatoboa matundu 24, nusu akayasugua kwa brashi na nusu akayapuliza tu kwa mdomo kama anavyofanya fundi mwenye haraka. Dirisha la chumba akalifunga kwa ubao kwa sababu nilimsimulia kisa changu cha jua. Bahasha yake iko kwenye droo yangu. Mara ya mwisho nilipopita, wenzo mmoja kati ya ile ya matundu ambayo hayakusuguliwa ulikuwa umeinama kidogo kuliko wenzake, na alikuwa amechuchumaa mbele yake na daftari, akisubiri saa itimie asome tena.